Ngome ya Mose, Kimbilio la Watoro

Yubile ni neno la kale, na maana yake ya kwanza, kama tusomavyo katika kitabu cha Mambo ya Walawi, ni mwaka wa kuachwa huru: baragumu hupigwa, mtumwa hurudi kwa jamaa yake, na kila mtu huirudia milki ya baba zake. Kwa hiyo yafaa katika kitabu hiki, pamoja na habari za makanisa na shule na za wazee waliotutangulia, iwekwe pia habari moja ya watu waliotafuta uhuru wao katika nchi ya mbali. Wasomaji wa pwani hawana haja ya kufundishwa maana ya neno mtoro. Vijiji vya kwanza vya misheni huku kwetu, kama vile Rabai na Frere Town karibu na Mombasa, viliwapokea watu wengi waliokimbia mashamba ya mabwana zao au waliotolewa katika majahazi ya biashara ya watumwa. Lakini zaidi ya miaka 100 kabla ya Frere Town kuanzishwa mwaka wa 1875, watu waliochukuliwa kutoka upande wa magharibi wa bara letu, wakavushwa bahari kuu kwa nguvu, walikwisha kuwa na kijiji chao wenyewe, na boma lao, na kapteni wao mweusi. Wahispania walikiita kijiji hicho Gracia Real de Santa Teresa de Mosé. Watu wakafupisha, wakasema Mose tu.

Kwanza yafaa tuijue nchi yenyewe. Florida ni ile rasi ndefu iliyo kusini-mashariki mwa Marekani ya leo. Mwaka wa 1565 Wahispania walijenga huko mji wa St. Augustine, wakaukalia karibu karne mbili. Haukuwa mji wa mali. Palikuwa na askari, na mapadre, na maofisa wa mfalme waliongojea fedha ya mishahara kutoka Mexico, nayo mara nyingi ilichelewa. Lakini mji ulilinda njia ya merikebu zilizochukua hazina kwenda Hispania, kwa sababu hiyo mfalme hakutaka kuuacha. Mwaka wa 1670 Waingereza wakaja wakajenga mji wao upande wa kaskazini, Charles Town katika Carolina, yapata kilomita 400 kutoka St. Augustine. Hao walikuwa na watumwa tangu mwanzo. Na walipoona ya kuwa mpunga wastawi katika mabonde yale ya maji, wakaleta wengine wengi, hata ilipofika mwaka wa 1708 watu weusi katika Carolina walikuwa wengi kuliko wazungu. Wahispania nao walikuwa wameanza mwaka wa 1672 kujenga ngome kubwa, jina lake Castillo de San Marcos, kwa mawe ya kombe za baharini zilizoshikamana. Na mtu aliyeyaona mawe ya matumbawe ya Ngome ya Yesu huko Mombasa atafahamu upesi ni mawe ya namna gani. Kati ya miji hiyo miwili palikuwa na misitu, na mito, na vinamasi vya maji ya chumvi, na makabila ya wenyeji wa nchi ambayo kila upande ulijaribu kuyavuta yawe yake. Huo ndio uliokuwa mpaka.

Mwaka wa 1687 mashua moja iliingia St. Augustine kutoka Carolina. Ndani yake walikuwamo wanaume 8, na wanawake 2, na mtoto wa miaka 3 aliyekuwa angali ananyonya. Majina ya wanaume wale yaliandikwa, na baadhi yake ni Conano, na Cambo, na Mingo, na Robi. Walisema kwamba wametaka kuwa Wakristo. Liwali, Diego de Quiroga, akawapokea, akawapa kazi: wanaume wengine katika ujenzi wa ngome, wengine kwa mhunzi, na wanawake katika nyumba yake mwenyewe. Tena walilipwa, peso moja kwa siku kwa mwanamume na nusu yake kwa mwanamke. Mwaka uliofuata Waingereza wakatuma mjumbe kuwadai. Liwali akakataa kuwatoa, kwa hoja kwamba wamekwisha kufundishwa dini, na wengine wamekwisha kuoa. Ila aliahidi kuwalipa mabwana zao thamani yao.

Kila nisomapo habari ya safari ile, huwaza juu ya mtoto yule. Ni mwendo mrefu, kupita mahori na visiwa, na kilio kimoja cha mtoto usiku chaweza kuwaangamiza wote waliomo chomboni. Na mwisho wa safari ni mji wa watu wasiowajua, wa lugha nyingine, ambao nao walikuwa na watumwa majumbani mwao. Watu hao hawakukimbilia nchi isiyo na utumwa. Nchi ya namna hiyo haikuwapo katika pwani ile. Walikimbilia mahali ambapo palikuwa na mlango mmoja ulio wazi kidogo, na mlango huo ulikuwa ubatizo.

Habari zikaenda Hispania, na tarehe 7 Novemba 1693 mfalme Carlos wa Pili akatoa amri kwamba watoro wote wajao kutoka kwa Waingereza na kuipokea imani wapewe uhuru wao, wanaume kwa wanawake, ili kwa mfano wao na kwa ukarimu wa mfalme wengine nao wafanye vivyo hivyo. Katika maneno hayo ya mwisho twaona moyo wa mfalme ulivyogawanyika. Alitaka roho za watu, bila shaka. Alitaka pia mashamba ya adui yake yabaki bila wafanya kazi. Kila mtu aliyetoroka Carolina alikuwa hasara kwa Mwingereza na faida kwa Mhispania, naye alifika akizijua njia, na vijito, na desturi za mabwana aliowaacha. Wala amri hiyo haikumgusa mtumwa wa Mhispania mwenyewe. Yeye aliendelea kuwa mtumwa kama kwanza, ijapokuwa alikwisha kubatizwa tangu utoto.

Hata hivyo habari ya amri ile ilienea. Ilipita kutoka shamba hata shamba, kwa midomo ya watu wasiojua kusoma, nayo ilifika mbali kuliko barua za maliwali.

Sasa tuje kwa mtu ambaye habari hii haisimuliki bila yeye. Alizaliwa Afrika, nao walimtaja kuwa Mmandinga, yaani wa watu wale wakaao upande wa mto Gambia. Akauzwa, akafika Carolina. Mwaka wa 1715 kabila la Wayamasee, wenyeji wa nchi, waliwaondokea Waingereza kwa vita vikali kwa sababu ya kudhulumiwa katika biashara na kuchukuliwa watumwa wao wenyewe. Kijana huyu na wenzake wakajiunga nao, wakapigana miaka kadha. Vita vilipoharibika wakashika njia ya kusini, na mwaka wa 1724 wakafika St. Augustine, watu 10, wakisema kwamba wamesikia ahadi ya mfalme na wamekuja kuipokea.

Lakini hawakuipokea. Mmoja wa wenyeji wa nchi, mtu asiye Mkristo, alidai kwamba hao ni watumwa wake, akawauza. Na serikali ya mji, iliyoogopa madai ya Waingereza na isiyokuwa na fedha ya kuwalipa, haikuwatetea. Basi watu waliokuja kwa ahadi ya mfalme wakawa watumwa katika mji wa mfalme. Kijana yule wa Mandinga alinunuliwa na ofisa wa hazina, Don Francisco Menéndez Márquez, na katika ubatizo akapewa jina la bwana wake. Tangu hapo aitwa Francisco Menéndez. Mwaka wa 1726 Liwali Antonio de Benavides alimfanya kapteni wa kikosi cha watumwa cha kuulinda mji. Waingereza walipoushambulia mwaka wa 1728, kikosi hicho kilipigana vizuri hata kikasifiwa. Mwaka wa 1733 zikaja amri nyingine za mfalme: awasifu kwa ushujaa wao, akataza watoro kuuzwa au thamani yao kulipwa kwa Waingereza, lakini aongeza kwamba kila mtoro atumike miaka 4 katika kazi za mfalme kabla ya kuwa huru. Sifa ilifika, uhuru haukufika. Menéndez na wenzake walikwisha kutumika zaidi ya miaka hiyo 4, na bado walikuwa watumwa.

Katika miaka hiyo yote Menéndez hakunyamaza. Alipeleka maombi yake kwa liwali mmoja hata mwingine, tena kwa askofu wa Kuba alipopata nafasi. Hata mwaka wa 1737 akaja liwali mpya, Manuel de Montiano, akapelekewa maombi kwa mara nyingine, nayo yaliandikwa kwa ajili ya watu 31. Safari hii palikuwa na shahidi. Jumbe mmoja wa Wayamasee aliyepigana pamoja nao alisimama upande wao, akaeleza jinsi walivyokuwa mashujaa, na jinsi walivyosalitiwa na kuuzwa, na kwamba kosa si lao. Nadhani neno la jumbe huyo lilikuwa na uzito, maana hakuwa na faida yoyote ya kupata kwalo.

Montiano akachunguza habari yote, akaisoma amri ya mfalme kama ilivyoandikwa, na tarehe 15 Machi 1738 akatangaza kwamba wote ni huru, bila sharti. Mabwana waliokuwa wamewanunua wakalalamika sana, wakataka fedha zao. Liwali hakuwasikiliza.

Akawapa mahali pa kukaa, yapata kilomita 3 kaskazini ya mji, ukingoni mwa hori. Hapo ndipo walipojenga Mose. Mwingereza mmoja aliyeliona boma la kwanza aliandika jinsi lilivyokuwa: la pande nne, na ngome ndogo katika kila pembe, na boma la udongo, na handaki lililozunguka nje, likiwa limepandwa mimea ya miiba pande zote, ndani kisima, na nyumba, na mahali pa juu pa kulindia. Nyumba za watu zilikuwa za kuezekwa kwa majani, kama za wenyeji wa nchi. Mwanzoni walikuwa yapata watu 100. Serikali iliwapa mahindi, na biskuti ngumu, na nyama, hata wapate mavuno yao. Walipewa na mwanafunzi wa upadre akae pamoja nao awafundishe. Wao nao waliapa kwamba watakuwa adui wakali wa Waingereza, nao watamwaga damu yao kwa ajili ya taji ya Hispania na kwa ajili ya imani. Kapteni wao alikuwa Francisco Menéndez, na liwali katika barua zake alinena habari za watu wa Mose kama watu walio chini ya Menéndez, kana kwamba ni jumbe na raia zake.

Mtu aweza kuuliza, mbona liwali hakuwapa viwanja ndani ya mji, nyuma ya kuta za mawe? Jibu laonekana katika ramani. Njia itokayo kwa Waingereza yaja kutoka kaskazini, na Mose iko kaskazini. Adui akija, yeye atakayemwona kwanza ni mlinzi wa Mose, na damu ya kwanza itakayomwagika ni ya watu wa Mose. Uhuru wao ulikuwa wa kweli, nao ulikuwa pia ngao ya watu wengine. Walilijua jambo hilo wenyewe, kama tutakavyoona. Lakini mtu aliyekuwa mtumwa jana, leo akipewa shamba, na bunduki, na lindo lake, hasemi kwamba lindo lile ni la hatari mno.

Novemba ya mwaka ule ule wakafika watoro wengine zaidi ya 20 kutoka Port Royal, wanaume na wanawake na watoto, nao wakapelekwa Mose. Kumi na tisa kati yao walikuwa watumwa wa mfanya biashara mmoja, Kapteni Caleb Davis. Bwana huyo alikuja mwenyewe St. Augustine mwezi wa Desemba kuwadai. Aliwaona njiani, akawatambua, nao wakamcheka. Habari hii yatoka kwa Davis mwenyewe, aliyeandika malalamiko yake. Na mimi nadhani kicheko hicho kilimwumiza kuliko hasara ya mali.

Mwaka uliofuata, siku ya Jumapili tarehe 9 Septemba 1739, karibu na mto Stono katika Carolina, watu weusi yapata 20 walivunja duka, wakachukua silaha, wakashika njia ya kusini kuelekea Florida, kwa ngoma na bendera, wakiongezeka kila walipopita. Wengi wa viongozi wao walitoka nchi ya Kongo, ambayo wafalme wake walikuwa Wakristo tangu karne ya kumi na tano, kwa hiyo dini ya Wahispania haikuwa jambo geni kwao. Waliua wazungu zaidi ya 20. Kabla jua halijachwa, wenye mashamba waliokuwa na farasi wakawafikia, wakapigana nao, wakawashinda, na wengi wakauawa pale pale au katika siku zilizofuata. Hawakufika Mose. Mwaka wa 1740 Carolina ikatunga sheria mpya kali juu ya watumwa, iliyokataza hata kufundishwa kuandika. Na Waingereza wakakaza nia yao kwamba mlango ule wa kusini lazima ufungwe.

Aliyekuja kuufunga ni Jenerali James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni ya Georgia. Mwaka wa 1740 alifika na askari wa Georgia na wa Carolina, na wenyeji wa nchi waliokuwa upande wake, na merikebu za vita. Liwali Montiano akawaondoa watu wote wa Mose, akawaingiza ndani ya Castillo pamoja na watu wa mji, wakasongamana humo huku mizinga ikipigwa. Waingereza wakaingia Mose tupu, wakakaa humo chini ya Kanali John Palmer, na kati yao Waskoti wengi.

Alfajiri ya tarehe 26 Juni, kabla ya mapambazuko, kikosi kilitoka Castillo kimya kimya: askari wa Hispania, na wenyeji wa nchi walio rafiki zao, na watu weusi wa Mose chini ya Menéndez. Watu wa Mose hawakuhitaji kuonyeshwa njia. Walikuwa wakienda nyumbani kwao. Wakawashukia adui katika usingizi, na vita vikawa vya mkono kwa mkono, kwa panga na vitako vya bunduki. Palmer akauawa, na Waingereza zaidi ya 60 pamoja naye, na wengine wakachukuliwa mateka. Tangu siku ile Waingereza wakapaita mahali pale Mose ya Damu. Mwezi wa Julai Oglethorpe akaondoka na jeshi lake, asiupate mji. Lakini boma la Mose lilikuwa limebomolewa, na nyumba hazikukalika tena. Walioshinda hawakuwa na mahali pa kurudi, wakabaki mjini miaka 12.

Baada ya vita Menéndez akafanya jambo lililonishangaza nilipolisoma mara ya kwanza. Aliandika barua kwa mfalme wa Hispania, si moja bali mbili, mwezi wa Novemba na mwezi wa Desemba 1740, akieleza utumishi wake na kuomba apewe malipo. Mtu aliyeletwa utumwani ng'ambo ya bahari, akauzwa mara mbili, aliandika kwa Kihispania na kutia sahihi yake kwa madoido kama bwana yeyote. Majibu hayakuja. Basi akaona bora aende Hispania mwenyewe, na ili apate njia akaingia katika merikebu zenye hati ya mfalme ya kuteka vyombo vya adui.

Mwaka wa 1741 akatekwa yeye. Merikebu iliyomteka ilikuwa ya Waingereza wa Rhode Island, jina lake Revenge, na nahodha wake Benjamin Norton. Walipojua kwamba huyu ndiye kapteni wa watu weusi wa Mose, wakamfunga kwenye mzinga, wakamtisha kumhasi, wakampiga viboko 200, wakatia chumvi katika majeraha yake. Kisha wakampeleka visiwa vya Bahama mbele ya hakimu. Shauri lilikuwa moja tu: je, mtu huyu ni mateka wa vita, mtu huru, au ni mali? Hakimu akaamua kwamba ni mali, naye akauzwa. Tazama, ndugu msomaji, jinsi uhuru wa Mose ulivyokuwa. Hati ya liwali ilikuwa na nguvu mahali palipokuwa na liwali wa Hispania. Hatua chache nje ya hapo, rangi ya ngozi ya mtu ilikuwa ndiyo hati yake.

Lakini Menéndez alirudi Florida. Katika hesabu ya watu iliyofanywa mwaka wa 1759 twamkuta Mose, akiwa bado mkuu wa watu wake.

Mose hiyo ilikuwa ya pili. Mwaka wa 1752 Liwali Fulgencio García de Solís aliamuru kijiji kijengwe upya, na watu weusi walio huru watoke mjini wakakae huko. Hawakutaka. Walikwisha kukaa mjini miaka 12. Walikuwa na kazi zao, na wake zao, na watoto wao walizaliwa pale. Walisema kwamba waogopa mashambulio ya makabila yaliyo rafiki za Waingereza, na hofu hiyo haikuwa ya bure, maana watu walikuwa wakiuawa na kutekwa huko nje. Liwali akawaadhibu viongozi wawili, akawatisha wengine, na katika barua yake akaandika kwamba hofu ni kisingizio tu, kwamba wanachotaka hasa ni kukaa katika uhuru kamili. Aliandika maneno hayo kama mashtaka.

Wakaenda, wakajenga. Boma la pili lilikuwa na kuta za udongo pande tatu, na upande wa nne ulikuwa wazi kuelekea hori. Ndani palijengwa kanisa la mbao. Mwaka wa 1759 padre wao alihesabu nyumba 22 na watu 67: wanaume 37, wanawake 15, wavulana 7, wasichana 8. Zitazameni hesabu hizo. Wanaume ni zaidi ya mara mbili ya wanawake. Kutoroka kulikuwa kugumu zaidi kwa mwanamke mwenye watoto. Na wanaume kadha wa Mose walikuwa wameoa wanawake waliokuwa watumwa mjini, nao wake hao hawakuweza kuhamia kwa waume zao. Sheria ilikuwa kwamba mtoto hufuata hali ya mama. Hivyo mtu aliweza kuwa askari huru wa mfalme, na kulinda mpaka usiku kucha, na mtoto wake mwenyewe akawa mtumwa wa jirani ya liwali. Baadhi ya wanaume hao waliona heri kukaa mjini karibu na wake zao kuliko kuwa na shamba la mtu huru huko nje.

Tunayajua mambo haya kwa sababu ya daftari za kanisa. Katika St. Augustine mapadre waliandika ubatizo, na ndoa, na maziko tangu mwaka wa 1594, na watu weusi wamo, watumwa na walio huru. Humo mna majina ya wazazi na ya wasimamizi wa ubatizo, na mara nyingi taifa la mtu huko Afrika: Mkongo, Mmandinga, Mkarabali. Watu wa Mose walisimamiana katika ubatizo wa watoto wao, na kushuhudiana katika ndoa, miaka kwa miaka, hata mtu akizifuata daftari hizo aweza kuona jinsi watu waliotoka mataifa mbalimbali, wasiokuwa na shangazi wala mjomba katika nchi ile, walivyojifanyizia jamaa upya. Makarani wetu wa parokia, ambao huona kazi ya daftari kuwa kazi kavu, wangefaa kuziona kurasa hizo.

Mwaka wa 1763 amani ilifanywa Paris baina ya wafalme, na katika mapatano hayo Hispania iliwapa Waingereza Florida yote ili irudishiwe Havana. Watu wa Mose hawakuulizwa. Karibu Wahispania wote wakahama, na pamoja nao watu 48 wa Mose chini ya Menéndez, wakapanda chombo mwezi wa Agosti, wakaenda Kuba. Huko walipewa mashamba katika jimbo la Matanzas, pori lisilolimwa bado, na vyombo vichache, na fedha kidogo. Baadhi yao walipewa pia mtumwa mmoja, Mwafrika aliyeshushwa karibuni kutoka merikebuni. Jambo hili ni chungu kuliandika, lakini limo katika hati, nami sioni haki ya kuliacha. Maisha ya pori yaliwashinda wengi, wakahamia miji ya Matanzas na Havana, na Menéndez naye akaenda kukaa Havana.

Hispania ilirudishiwa Florida mwaka wa 1784, na watoro wakaanza kuja tena. Walakini mwaka wa 1790, kwa kusukumwa na serikali ya Marekani, mfalme akaifuta amri ile ya kale. Mlango uliofunguliwa mwaka wa 1693 ukafungwa kwa kalamu, kama ulivyofunguliwa.

Mahali pa Mose palisahauliwa muda mrefu. Maji ya bahari yamepanda, na mahali pa boma la kwanza ni kinamasi sasa. Pale pa boma la pili pamebaki kisiwa kidogo kati ya majani ya chumvi. Kuanzia mwaka wa 1986 hata 1988 wachimbuzi wa mambo ya kale, chini ya Kathleen Deagan, walichimba huko, wakati Jane Landers akizipekua hati za Hispania zinazohusu mahali pale. Walikuta alama ya handaki na ya ukuta wa udongo, na risasi, na vifungo vya nguo, na viko vya tumbako, na mifupa ya samaki, na shanga za rozari. Mwaka wa 1994 serikali ya Marekani ilipaweka mahali pale katika orodha ya mahali pakuu pa historia ya taifa.

Zile daftari za ubatizo zilichukuliwa Kuba mwaka wa 1763 pamoja na watu wenyewe, zikakaa Havana karibu miaka 143, nazo zilirudishwa St. Augustine mwaka wa 1906. Katika udongo wa Mose wachimbuzi waliokota pia medali ndogo ya fedha, iliyofanyizwa kwa mkono, na juu yake sanamu ya Mtakatifu Kristofa akimvusha Mtoto majini.